Kwa Nini Folda za Pamoja Huhama Mwisho

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma kwa Exchange Server 2016 na 2019, matoleo ambayo kwa miaka mingi yalibeba barua pepe za kampuni, vyuo, dayosisi na ofisi za serikali katika nchi nyingi. Mashirika mengi yalikuwa yameshajiandaa. Masanduku ya wafanyakazi yalihamishiwa kwenye wingu mapema, na asubuhi watu wakafungua Outlook kama kawaida. Lakini kwenye seva ileile ya zamani, inayonguruma katika chumba kisicho na dirisha, mara nyingi kulibaki kitu ambacho kila mtu aliogopa kukigusa: folda za pamoja. Humo mna maombi ya kazi, malalamiko ya wateja, kalenda ya ukumbi wa mikutano, anwani za wafadhili, na kila barua iliyowahi kutumwa kwa anwani ya jumla ya shirika.

Kazi yangu hapa kaskazini mwa Ujerumani ni kusimamia mifumo ya namna hii. Ndugu na marafiki walioajiriwa kwenye asasi, huku na nyumbani, huniuliza sana: kwa nini folda hizi zisihamishwe pamoja na masanduku ya wafanyakazi? Wengi hudhani tatizo ni ukubwa. Ukubwa unachangia kidogo tu. Taabu inatoka mbali, tangu folda hizi zilipobuniwa.

Exchange ya kwanza kuingia sokoni ilitoka mwaka 1996, ikapewa namba 4.0. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Lotus Notes, iliyokuwapo tangu 1989. Mwaka 1995 IBM ilikuwa imeinunua kampuni ya Lotus kwa dola bilioni 3.5, na katika ununuzi ule Notes ndiyo iliyotamaniwa. Notes ilipendwa kwa sababu iliiwezesha ofisi nzima kuona kumbukumbu moja, kuiongezea na kuijadili. Microsoft ikajibu kwa kuweka ndani ya Exchange kile ilichokiita folda za umma: mti wa folda ulioonekana na wafanyakazi wote upande wa kushoto wa skrini, usio mali ya mfanyakazi yeyote.

Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi ya serikali Tanzania ataelewa upesi nikisema kwamba hiyo ilikuwa masijala. Barua inaingia, inapigwa muhuri, inatiwa kwenye jalada lake, na jalada ni la ofisi. Afisa akihamishwa au akistaafu, jalada linabaki. Ila masijala ina mtunza kumbukumbu anayejua nani ameazima jalada lipi na nani haruhusiwi kuliona. Folda za umma hazikuwa na mtu huyo, na pengo hilo ndilo linalolipiwa leo.

Miaka ile mawasiliano kati ya makao makuu na matawi yalikuwa ya polepole na ya gharama kubwa. Ndiyo maana Exchange iliruhusu kila seva iwe na nakala yake ya folda. Mtu wa tawini alisoma nakala iliyo karibu naye. Akiandika kitu, badiliko lilisafiri kwenda kwenye nakala nyingine, na lilisafiri likiwa barua pepe. Seva zilikuwa zikiandikiana barua. Hapakuwa na nakala kuu, zote zilikuwa na hadhi sawa, na watu wawili wakihariri kitu kimoja kwa wakati mmoja mfumo uliwaletea taarifa ya mgongano ili waamue wenyewe. Kwa enzi ya modemu huo ulikuwa uhandisi wa kusifiwa, na mimi nausifu mpaka leo. Lakini umemwachia msimamizi anayehama kutoka toleo la kabla ya 2013 swali gumu: nakala ipi imekamilika? Seva moja ikiwa ilikwama kupokea mabadiliko na wewe ukaanzia hapo, utahamisha folda yenye mapengo, na mapengo hayapigi kelele.

Kulikuwa na mafungamano mengine yaliyofichika. Outlook, hadi toleo la 2003, ilichota kutoka kwenye folda za mfumo zilizofichwa taarifa za nani ana nafasi saa ngapi, pamoja na kitabu cha anwani cha kutumia nje ya mtandao. Hata shirika lililodhani halitumii folda za umma lilikuwa linazitumia. Microsoft yenyewe ilitaka kuachana nazo na kuwasukuma wateja kwenye SharePoint, mfumo wake wa kutunza nyaraka. Exchange 2007 ilipotoka haikuwa hata na dirisha la kuzisimamia, amri zilibidi ziandikwe kwa mkono. Wateja walilalamika, na dirisha likarudishwa katika maboresho makubwa ya kwanza ya toleo hilo. Katika toleo la 2013 ndipo zilipojengwa upya. Hifadhidata za zamani zilifutwa, folda zikaingizwa ndani ya masanduku maalumu ya barua, mti wa folda ukawa na nakala moja tu inayoandikika, na kuandikiana kwa seva kukaisha. Mwaka 2013 zikafika pia kwenye huduma ya wingu.

Hapo ndipo lilipozaliwa sharti la mpangilio. Mfumo wa zamani na ule mpya haiwezi kuishi pamoja. Mtu ambaye sanduku lake liko kwenye toleo la 2010 au la kabla yake hawezi kufungua folda za mtindo mpya, ilhali aliyekwisha kuhama anaweza kuendelea kufungua zile za zamani. Kwa hiyo watu wote huhama kwanza, hata kama ni mwaka mzima, kisha folda zote huhama kwa mkupuo mmoja. Yule wa mwisho kuhama ndiye anayezichelewesha.

Na zikishahama, ziende wapi? Njia ya kwanza ni kuziacha zilivyo, folda za umma zilizomo sasa ndani ya wingu. Njia ya pili ni sanduku la pamoja: anwani moja kama ya ofisi ya uhasibu, inayofunguliwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa nenosiri lake mwenyewe. Katika Microsoft 365 sanduku hilo halihitaji leseni yake likiwa chini ya GB 50, na Microsoft inashauri lisifunguliwe na zaidi ya watu 25. Njia ya tatu ni kikundi, chenye barua, kalenda na mahali pa kuweka nyaraka, ambacho wanachama hujiunga na kutoka. Kwa maoni yangu sanduku la pamoja linazitosha asasi nyingi ndogo. Kikundi kinafaa pale watu wanapojadiliana wao kwa wao. Pale wanapowajibu watu wa nje, sanduku la pamoja ni bora. Folda ambazo hazipokei tena barua, zilizojaa tu nyaraka, mahali pake ni kwenye hazina ya nyaraka, wala zisibebwe kwenye barua pepe kwa miaka mingine ishirini.

Lakini kuchagua njia ni kazi nyepesi ukilinganisha na haki za watu. Kila folda ya umma ina orodha yake ya ruhusa: huyu anasoma tu, yule anaongeza, mwingine anafuta vya kwake, mwingine anafuta vya wote. Mara nyingi orodha hizo ndizo sehemu pekee ambamo shirika limewahi kuandika nani anaaminiwa kwa lipi. Hakuna waraka, hakuna muhtasari wa kikao. Mwaka fulani mkurugenzi alisema mpeni mhasibu mpya ruhusa, akapewa, na mhasibu wa zamani hakuondolewa. Ukifungua orodha ya folda yenye umri huo unakuta majina ya waliostaafu, waliofariki, waliohamia nchi nyingine. Unakuta safu za namba zisizo na jina, kwa sababu akaunti ilifutwa na ruhusa ikabaki. Na juu kabisa kuna ruhusa ya msingi, inayompa kila mfanyakazi haki asiyojua kuwa anayo. Nimeona folda za nidhamu ya wafanyakazi zinazoweza kusomwa na yeyote mwenye akaunti. Hazikuwahi kuleta kashfa kwa sababu tu zilikuwa zimezama chini ya ngazi nne za folda, mahali pasipopitwa na mtu.

Katika mfumo mpya hazizami. Utafutaji wa sasa ni wa haraka na mpana. Ukimfanya mtu kuwa mwanachama wa sanduku lote, ataandika jina la mwenzake kwenye kisanduku cha kutafutia, na barua ya mwaka 2011 italetwa juu. Sanduku la pamoja kwa kawaida hufunguliwa lote. Kugawa ruhusa folda kwa folda ndani yake kunawezekana, lakini ni kazi ya kuchosha na huharibika haraka. Kwa hiyo swali la nani aone nini lazima lijibiwe kabla ya kuhama, na halijibiwi na fundi. Linajibiwa na mwenye folda. Ndiyo maana nusu ya kazi hii hufanywa bila kompyuta, kwa kupita ofisi hadi ofisi ukiuliza: hii ni ya nani? Folda isiyo na mwenyewe baada ya kuulizwa kwa haki isifutwe; ifungwe na ihifadhiwe kwa muda ambao sheria inadai, kisha uongozi uamue. Kwa walio Ulaya, sheria ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inawabana hapo. Kenya ina sheria yake ya 2019, na Tanzania ya 2022. Kukaa na barua za watu bila sababu, zikiwa wazi kwa wote, hakuruhusiwi kwa kisingizio cha kwamba hapajawahi kuwa na muda wa kuzipanga.

Uhamishaji wenyewe una hatua zake. Nakala ya kwanza husafiri polepole, siku hata wiki, huku watu wakiendelea na kazi. Kisha folda hufungwa kwa kila mtu, mabadiliko ya mwisho hupelekwa, mtumiaji mmoja hujaribu, na milango hufunguliwa upande mpya. Majina ya folda huleta taabu isiyotarajiwa: mfumo haupokei mkwaju ndani ya jina, na hakuna ofisi isiyo na folda iitwayo Bajeti 2009/2010. Hayo yarekebishwe mapema. Na anayefikiria kurudi nyuma akiona mambo magumu afahamu kwamba barua zilizoingia upande mpya hazitarudi naye, isipokuwa amezitolea nakala pembeni.

Anwani nazo zina mtego wake. Ndani ya Exchange, barua za wafanyakazi kwa wafanyakazi hazitumii anwani tunayoiona. Hutumia jina refu la ndani ambalo Outlook hulikumbuka. Folda ikihama bila kubeba jina lake la zamani kama anwani ya ziada, mtu akijibu barua ya mwaka jana inamrudia na ujumbe wa kushindwa, ingawa anwani inaonekana sahihi kabisa. Kuna pia majibu: anayejibu kwa jina la sanduku la pamoja, nakala ya jibu hubaki kwa kawaida kwenye folda yake binafsi ya zilizotumwa, na wenzake hawaioni. Mpangilio wa kuiweka pia kwenye sanduku la pamoja upo, uwashwe siku ya kwanza.

Kubaki na seva ya zamani pia kuna hatari yake. Machi 2021 Microsoft ilitangaza kwamba kundi la wadukuzi liitwalo Hafnium lilikuwa likipenya kwenye seva za Exchange zilizosimikwa katika ofisi za wateja. Mamlaka ya Benki ya Ulaya ilizima mfumo wake wa barua, na bunge la Norwe likathibitisha kwamba data zilichukuliwa.

Wala si lazima safari iishie kwenye wingu la kampuni ileile. Jimbo la Schleswig-Holstein, hapa jirani, lilikamilisha Oktoba 2025 uhamishaji wa zaidi ya masanduku 40,000, yenye zaidi ya barua na miadi milioni 100, kutoka Exchange na Outlook kwenda Open-Xchange na Thunderbird, programu za msimbo huria. Serikali ya jimbo ilitaka uhuru wa kuamua juu ya data zake yenyewe. Ni hoja ambayo ningependa isikike pia katika wizara zetu za nyumbani.

Vyama vyetu vya huku ughaibuni navyo vimo katika hadithi hii, ingawa havina seva. Vingi vina akaunti moja ya bure, nenosiri moja linalozungushwa WhatsApp, na namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu ya katibu. Ndani ya akaunti hiyo kuna barua za ubalozi, za benki, na za kampuni ya mazishi iliyosafirisha mwili wa mwenzetu kumrudisha kwao. Katibu akihama mji au akikosana na kamati, chama kinakuwa kimefungiwa nje ya kumbukumbu zake. Dawa yake ni kuwa na anwani yenye jina la chama, sanduku la pamoja ambalo kila kiongozi analifungua kwa akaunti yake mwenyewe, na wasimamizi wawili wanaoishi nyumba tofauti. Barua za zamani zihamishiwe humo, akaunti ya zamani iachwe ikipeleka mbele barua zinazoendelea kuingia kwa mwaka mmoja au zaidi, na siku ya uchaguzi katibu anayetoka aondolewe ruhusa na anayeingia apewe yake kabla kikao hakijafungwa.