Madabodi ikibadilishwa, laptopu yako inabadilisha jina

Nilikuwa nimeketi kwa mkahawa fulani hapo Moi Avenue, laptopu yangu juu ya meza, nikingoja pesa iingie kwa simu. Mnunuzi alikuwa binti wa chuo, mpole lakini si wa kuchezewa. Aliigeuza mashine, akapiga picha ya ile stika ya chini, kisha akaiwasha na kuandika kitu. Akanitazama.

"Bro, nambari ya chini si sawa na ya ndani. Hii umetoa wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akafunga begi lake. "Sitaki maneno na polisi," akasema, akaenda zake.

Mashine ilikuwa yangu kihalali. Niliinunua kwa doo niliyookoteza nikiandikia watu makala mtandaoni baada ya karo kunishinda na kuacha chuo. Risiti ilikuwa nyumbani. Lakini pale mezani nilikaa kama mwizi.

Kumbe shida ilianza miezi michache kabla, siku nilipomwagia kibodi chai. Fundi mmoja wa mjini aliniambia madabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu, imeungua. Akaniwekea nyingine aliyoitoa kwa mashine kuukuu ya aina ileile. Ikawaka, nikalipa, nikashukuru. Hakuna aliyeniambia kwamba naondoka na laptopu yenye jina la mtu mwingine.

Kitambulisho kiko wapi?

Wengi wetu hudhani utambulisho wa laptopu ni ile stika. La. Stika ni karatasi tu. Kitambulisho chenyewe kimeandikwa ndani ya chipu ndogo kwenye madabodi, mara nyingi yenye miguu minane. Humo mna seriali namba, jina la modeli, na nambari nyingine ndefu iitwayo UUID ambayo programu hutumia kuitambua mashine. Kwa laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu, hata ufunguo wa Windows umo humo humo.

Kwa hivyo ukibadilisha bodi, Windows inaona mashine ngeni. Inaweza kukuambia leseni haipo. Ukiita kampuni kuhusu waranti, nambari unayowasomea si ile wanayoiona.

Bodi mpya kutoka kiwandani mara nyingi huja bila seriali, na fundi huijaza ya zamani. Lakini bodi ya mtumba, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, huja na kitambulisho cha mashine ilikotolewa. Na huwezi kujua ile mashine ilikuwa ya nani.

Skrini ya buluu

Kuna balaa kubwa zaidi ya jina. Laptopu nyingi za siku hizi hufunga diski kwa BitLocker au mfumo kama huo, wakati mwingine bila wewe kujua, ukiingia tu na akaunti ya Microsoft. Ufunguo wa kufungulia unalindwa na bodi yenyewe. Bodi ikitoka, diski inagoma, na skrini ya buluu inakuitisha tarakimu 48.

Usiku ule nilipotoka kwa fundi, hiyo skrini ilinitoa jasho. Kazi za wateja zote zilikuwa mle. Kilichoniokoa ni kwamba ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yangu, nami nilikumbuka nenosiri jaribio la mwisho mwisho. Usipokuwa na zile tarakimu, hakuna fundi mjini atakayekufungulia. Hizo faili umezizika.

Kabla bisibisi haijaguswa

Mashine ikiwa bado inawaka, fanya haya leo, usingoje chai imwagike.

Fungua PowerShell, andika Get-CimInstance Win32_BIOS, uone seriali namba. Kisha andika (Get-CimInstance Win32_ComputerSystemProduct).UUID, uone UUID. Piga picha skrini, piga picha stika, piga picha risiti. Zitume kwa barua pepe yako mwenyewe. Siku mashine ikiibwa, hiyo ndiyo seriali utakayompa polisi aiandike kwa OB.

Ingia aka.ms/myrecoverykey uchukue zile tarakimu 48, uziandike kwa karatasi. Unganisha leseni ya Windows na akaunti yako. Na faili zako weka nakala kwingine.

Ukifika kwa fundi, uliza swali moja kabla ya bei: "Utanirudishia seriali yangu?" Fundi anayejua kazi ataisoma chipu ya bodi ya zamani kwa kifaa chake, kisha ahamishe sehemu ya utambulisho pekee. Kunakili chipu nzima ovyo kunaweza kuleta matatizo, kwa sababu ina mambo mengine yanayohusu bodi yake tu. Kama kadi ya Wi-Fi inachomoka, mwambie arudishe ileile, manake anwani yake ya mtandao iko kwa kadi yenyewe.

Ndiyo, ujuzi huu ndio wezi hutumia kusafisha laptopu za watu. Ndiyo maana risiti yako ni muhimu, na ndiyo maana fundi akikuuliza uthibitisho usikasirike. Huyo ndiye fundi wa kurudia.

Katoni chini ya meza

Nilirudi kwa fundi wangu. Bodi yangu ya zamani ilikuwa bado kwa katoni chini ya meza, pamoja na nyingine nyingi. Ilikuwa imekufa, lakini chipu yake ilikuwa nzima. Baada ya saa moja hivi, nambari ya ndani na ya stika zikafanana tena.

Lakini ile katoni ilinikosesha usingizi. Bodi yangu ingefufuliwa na kuwekwa kwa mashine ya wizi, seriali inayoonekana ingekuwa yangu, na risiti ina jina langu. Sasa najua: umeshalipia bodi mpya, ondoka na ile kuukuu pia.

Nilimtumia yule binti picha ya nambari zote mbili pamoja na risiti. Alijibu kesho yake: "Pole bro, nimeshanunua ingine." Sikumlaumu. Angekuwa dadangu, ningemwambia afanye vivyo hivyo.