Sheria na Iseme Wazi

Wako wasichana wa machimboni Geita na vijijini Shinyanga ambao, wapatapo mimba wasizozitaka, huenda kwa siri kwa muuza dawa. Damu ikizidi ndipo waletwapo hospitali. Uchunguzi wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa mimba 405,000 zilitolewa nchini, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoongoza.

Kanuni ya Adhabu, tuliyorithi kwa Mwingereza, humpa mtoa mimba kifungo cha miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Lakini kifungu cha 230 cha sheria hiyo hiyo humkinga daktari apasuaye kwa nia njema ili kuuokoa uhai wa mama. Ni wangapi wakijuao? Daktari huogopa jela, na mgonjwa humwogopa daktari.

Mwaka 2007 Serikali iliridhia Itifaki ya Maputo, iruhusuyo jambo hili kwa mwanamke aliyebakwa au ambaye afya yake i hatarini. Kanuni ya Adhabu haikuguswa. Wako wasemao kwamba Katiba, ibara ya 14, yalinda uhai, basi yatosha. Nasi twauliza: na uhai wa binti huyu, je? Wenzetu wa Kenya waliliandika katika Katiba yao ya 2010. Wabunge wetu nao, wakikubali au wakikataa, na waandike kwa Kiswahili cha wazi, ili daktari wa zamu ya usiku kule Geita ajue afanye lipi.