Toa vumbi kwa picha za shosho, usitoe rangi yake

Kamera za filamu zimerudi mtaani kwa fujo. Yashica, Zenit, Pentax K1000, zile nzito za chuma ambazo wazee walikuwa wakivaa shingoni kwa harusi, siku hizi unaziona kwa vijana katikati ya jiji kila Jumapili. Fiti kabisa. Lakini kabla ya kununua filamu mpya kwa bei ya noma, angalia chini ya kitanda cha shosho. Kuna bahasha ya kahawia huko, imejaa negativu ambazo hakuna mtu amezishika tangu enzi za Moi.

Nimekuwa na bahasha kama hiyo kwa wiki tatu, ya marehemu shosho wangu. (Muda ninao, chuo niliachana nacho.) Watu wengi hutoa albamu, wakapiga picha juu ya picha kwa simu, wakatuma kwa grupu ya familia, basi. Shida ni kwamba picha iliyochapwa ni nakala tu, na mara nyingi imeshapauka. Negativu ndiyo asili, na huwa na mengi ambayo karatasi haikuwahi kuonyesha.

Usizipeleke kwa skana ya kawaida ya sayba. Ile hupiga karatasi mwanga na kusoma unaorudi, ilhali negativu inataka mwanga upite ndani yake. Halafu kuna hesabu. Fremu moja ya filamu ya 35mm ina upana wa milimita 36 na kimo cha 24. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa inchi, kama vile watu huskani kitambulisho, unapata pikseli 425 kwa 283. Hiyo ni stampu! Panda hadi nukta 2400 na unapata kama 3,400 kwa 2,268, karibu megapikseli 8. Tafuta skana yenye taa kwenye kifuniko. Ukikosa, weka kamera yenye lenzi ya kupiga vitu kwa karibu juu ya tableti inayoonyesha skrini nyeupe, na uinue negativu sentimita chache juu ya kioo ili vinukta vya skrini visionekane. Shika kandokando. Vumbi litoe kwa pampu ndogo ya mpira, si kwa shati lako. Na ukisikia harufu ya siki, harakisha: filamu yenyewe imeanza kuoza.

Negativu ya rangi ina utando wa rangi ya machungwa. Watengenezaji waliuweka makusudi kusawazisha kasoro za rangi za filamu, ndiyo maana ukigeuza picha hivi hivi, kila mtu anatoka bluu kama ameganda. Darktable, programu ya bure, ina kifaa kiitwacho negadoctor tangu 2020. Unakionyesha ile sehemu tupu kati ya fremu mbili, kinajua utando ni upi, kinauondoa.

Sasa tufike kwa kitufe cha kurekebisha kila kitu chenyewe. Nilikibonyeza kwenye picha ya shosho akiwa kijana, na programu ikamtoa mweupe pe, utadhani amepaka mkorogo. Shangazi alitazama skrini akanyamaza kidogo. "Huyu si mama," akasema. "Mama alikuwa mweusi ti. Na hiyo leso ilikuwa nyekundu, si ya pinki."

Hili ni jambo la zamani. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na kadi zenye watu wa rangi tofauti zilikuja miaka ya 1990. Kwa hivyo hata ile picha ya albamu unayodhani ni ya ukweli huenda ilimkosea shosho zamani.

Nilirudi kwa skani ya kwanza. Nilichukua kola nyeupe ya mtu aliyesimama nyuma kama kipimo cha weupe, nikashusha mwanga polepole, shangazi akiwa kando yangu akisema "bado, bado" hadi leso ikawa nyekundu. Ilichukua saa nzima kwa fremu moja.

Zile apu za akili bandia za kunoa sura ni balaa kubwa zaidi. Kwa sura ya guka, moja iliziba mwanya na kumpa meno ya tangazo la dawa ya meno. Huo mwanya ninao mimi! Haikusafisha chochote, ilibuni mtu. Kwa hivyo mimi natoa vumbi na mikwaruzo kwa mkono, basi. Skani ya kwanza inabaki TIFF bila kuguswa, nakala ya kurekebisha ni nyingine.

Si vitu vidogo hivi. Picha za Priya Ramrakha, mpigapicha wa Nairobi aliyeuawa Biafra mwaka 1968, zilikaa miongo kadhaa ndani ya gereji hapa hapa Nairobi kabla ya jamaa yake kuzipata.

Kwangu zimebaki vipande vinne. Kwa kimoja kuna jamaa wa suruali pana amesimama karibu sana na shosho, na si guka. Shangazi anasema hamjui. Lakini amenikataza kuituma kwa grupu.