Francis Imbuga: Mwigizaji Aliyehama Ukumbi

Utangulizi

Ukimwuliza mwanafunzi wa fasihi amtaje mtunzi wa tamthiliya kutoka Kenya, atamtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, kisha atasita. Jina la pili lilipaswa kuwa ncha ya ulimi, nalo ni Francis Imbuga. Makala haya yanakusudia kueleza safari ya msanii huyu, aliyeanza kama mwigizaji, akaandikia televisheni, akawa mtunzi wa tamthiliya anayesomwa mno mashuleni kwao, na hatimaye akatunga riwaya. Swali letu ni moja tu: kwa nini mtu ambaye jukwaa lilikuwa limemkubali aliamua kuandika riwaya?

Katika semina zetu jibu la haraka husikika hivi: eti riwaya za Imbuga ni kazi za pembeni, mtunzi wa michezo alikuwa anajaribu bahati. Mimi sikubaliani na jibu hilo. Nitajaribu kuonyesha kwamba kila fani aliyoishika ilikuwa na mlango wake, na kila mlango ulikuwa na bawabu. Ukifuata nani alikuwa bawabu wa mlango upi, utaona kwamba riwaya ilikuja mahali pake hasa.

Mwigizaji kwanza

Imbuga alizaliwa mwaka 1947 katika nchi ya Wamaragoli, magharibi mwa Kenya. Alisoma Alliance High School, na akiwa mwanafunzi huko alitunukiwa tuzo ya mwigizaji bora katika mashindano ya kitaifa ya maigizo ya shule. Jambo hili tusilipite haraka. Watunzi wengi tunaowasoma waliingia katika tamthiliya kwa kupitia kitabu: walisoma Shakespeare, wakamwiga, wakaja kumkataa. Imbuga aliingia kwa mwili wake. Kabla hajajua namna ya kuandika onyesho, alikwisha kujua hadhira hucheka wapi, na kimya cha ukumbini kina uzito gani mtu anapokaribia kusema lisilosemeka.

Kutoka hapo akaenda Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1972 tamthiliya yake The Fourth Trial ilichapishwa pamoja na Kisses of Fate, na mwaka 1973 ikafuata The Married Bachelor, ambayo baadaye aliiandika upya na kuitoa mwaka 1989 kwa jina la The Burning of Rags. Kazi hizi za mwanzo ni za nyumbani: ndoa, watoto, mila na usomi vinavyogongana sebuleni. Siasa bado hazijapiga hodi.

Mlango wa televisheni

Katika miaka hiyohiyo Imbuga aliandikia na kuigizia televisheni ya Sauti ya Kenya. Sisi wa Tanzania Bara tunahitaji kujikumbusha jambo hapa. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara hatukuwa na kituo hadi mwaka 1994. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam wa mwaka 1972 mwenye kipaji kama cha Imbuga angeishia redioni, ambako michezo kama ya Pwagu na Pwaguzi iliwachekesha watu nchi nzima. Kazi ya mwandishi wa maigizo ya televisheni kwetu haikuwepo kabisa.

Televisheni ilimfundisha nini? Mwandishi wa televisheni hapewi saa mbili za kujieleza. Lazima mhusika ajulikane kwa sentensi yake ya kwanza, na ugomvi uanze kabla mtazamaji hajainuka kwenda jikoni. Soma tamthiliya zake za baadaye utaona alama ya shule hiyo: matukio mafupi, majibizano ya haraka, mhusika anaingia akiwa tayari ana la kusema. Hotuba ndefu ni chache.

Lakini bawabu wa mlango huu alikuwa nani? Serikali. Sauti ya Kenya ilikuwa mali ya serikali tangu mwaka 1964. Kwenye kioo hicho ungeweza kumcheka mume mlevi, mama mkwe mkali na karani mla rushwa ndogo. Kumcheka mkubwa mwenyewe, hapana.

Kafira, 1976

Machi 1975 mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na Kenya ikatikisika. Mwaka uliofuata ilichapishwa Betrayal in the City. Nchi inayosawiriwa humo inaitwa Kafira. Zipange upya herufi zake: utapata Afrika. Na hapa wanafunzi wa Kiswahili tuna haki ya kutabasamu, kwani fumbo hili linafumbuka kwa tahajia yetu. Kwa Kiingereza, lugha aliyoiandikia, herufi zinagoma.

Kwa wasioisoma, kisa kwa ufupi ni hiki. Mwanafunzi Adika ameuawa katika maandamano. Wazazi wake, Doga na Nina, wanataka kufanya matambiko kaburini, na serikali haitaki. Ndugu yake Jusper anahesabiwa kuwa kichwa chake kimeharibika. Mhadhiri Mosese yuko gerezani kwa kosa la kubambikiwa. Juu ya wote yuko Boss, mtawala, na binamu yake Mulili, asiye na elimu ila ana sikio la mkubwa. Kiongozi wa nchi nyingine anatarajiwa kuja, hivyo unaandaliwa mchezo wa kumkaribisha, uliotungwa na Jusper, na wafungwa wanapewa nafasi za kuigiza. Mazoezini wanaomba bunduki za kweli ili mchezo ufanane na ukweli. Wanapewa. Na mazoezi yanageuka mapinduzi.

Tazameni akili ya mwigizaji inavyofanya kazi. Asiyewahi kupanda jukwaani angempindua Boss kwa jeshi au kwa mgomo. Imbuga anampindua kwa kutumia mazoezi ya mchezo, kwa sababu anajua siri moja ya jukwaa: mtawala akiamini kwamba anatazama mchezo, hulegeza ulinzi. Mwisho Mulili anapotakiwa kueleza kwa nini Boss afe, anamgeuka ndugu yake bila aibu, na risasi ya Jusper inampata yeye. Boss anabaki hai, na tutamkuta tena uhamishoni katika Man of Kafira ya mwaka 1984.

Sasa tuiweke tamthiliya hii katika mwezi wake. Oktoba 1976, Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo alitoa onyo kwamba hata kuwaza kifo au kuondolewa kwa Rais ni kosa la jinai. Mwezi huohuo Betrayal in the City na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo, michezo iliyoteuliwa kuiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, ilikuwa inatafuta siku za kuonyeshwa katika ukumbi wa Kenya National Theatre. Ikapewa siku chache za kuhesabika, maana ukumbi ulikuwa na miadi na maonyesho ya wageni. Ukumbi wa taifa, uliofunguliwa mwaka 1952 enzi za mkoloni, haukuwa na nafasi ya kutosha kwa michezo ya taifa. Bawabu wa mlango huu wa pili ni huyo: desturi ya kigeni iliyoachiwa funguo baada ya uhuru.

Kicheko kama ngao

Ngũgĩ alitoka ukumbini, akaenda Kamĩrĩĩthũ kufanya kazi na wanakijiji kwa Kigĩkũyũ. Mwaka 1977 onyesho lao likapigwa marufuku, na siku ya mwisho ya mwaka huo akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Imbuga alibaki huru, akaendelea kufundisha na kuandika. Wapo wanaoona hapo udhaifu. Je, ni sawa?

John Ruganda, mtunzi Mganda aliyekuwa mkimbizi Nairobi, aliandika kitabu kizima kuhusu siasa za tamthiliya za Imbuga, akakiita Telling the Truth Laughingly (1992). Anwani hiyo inatosha kuwa jibu. Kwa Imbuga, ukweli mzito hutiwa katika kinywa ambacho mkubwa hakiogopi: kinywa cha kichaa, cha mlevi, cha mjinga. Mulili anachekesha kwa Kiingereza chake kibovu, na tukiwa bado tunacheka tunagundua kwamba mjinga huyu ndiye anayeamua nani afe. Kicheko kinaganda kooni. Msomaji kitabuni anaweza kuruka jambo hili, mtazamaji hawezi. (Inapendeza kujua kwamba deni lililipwa: tasnifu ya udaktari ya Imbuga, aliyoimaliza Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1991, ilihusu tamthiliya za Ruganda.)

Linganisha na Ebrahim Hussein. Mimi nimekulia Mkongo, Rufiji, na kwetu Kinjeketile (1969) si kitabu cha mtihani tu. Ngarambe, alikotokea Kinjeketile Ngwale, ni Rufiji hiyohiyo. Hussein anatuonyesha mtu anayesema neno, neno likamzidi nguvu, watu wakaenda nalo vitani naye hawezi kulirudisha. Imbuga anatuonyesha waigizaji wanaopewa maneno ya kubuni, kisha maneno hayo yakawa kweli mikononi mwao. Wote wawili wanauliza swali moja: neno likishatamkwa mbele za watu, ni la nani? Hussein anajibu kwa majonzi. Imbuga anajibu kwa kicheko chenye bunduki nyuma yake.

Riwaya: kitabu hakihitaji ukumbi

Baada ya Kafira zikaja Games of Silence (1977), The Successor (1979) na Aminata (1988), ambayo ilihusishwa na mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985, na inayogombea haki ya binti kurithi ardhi ya baba yake. Kisha, mwaka 1993, Shrine of Tears, riwaya.

Nchi yake ya kubuni inaitwa Kilima. Kiini chake ni jumba la utamaduni la taifa ambamo sanaa ya wenyeji ni mgeni, na kifo cha Kanaya, msichana mwigizaji, kimetanda juu ya hadithi yote. Nadhani msomaji ameshaona ninakoelekea. Hili ndilo suala la Oktoba 1976, limerudi baada ya miaka 17. Na hebu tujiulize: lingerudi kwa fani gani? Kama ni tamthiliya, ingeombewa siku katika ukumbi uleule inaoushitaki. Kama ni televisheni, ingepita mezani kwa serikali ileile iliyoutelekeza utamaduni. Riwaya haimwombi mtu ukumbi, taa wala kibali cha onyesho. Msomaji mmoja, kitabu kimoja, chumba kimefungwa. Mwigizaji amehama ukumbi ili aweze kuusema ukumbi.

Sisemi kwamba riwaya hii haina kasoro. Wahusika wanajadiliana mno, na pengine msimulizi anasimama kutoa mhadhara. Lakini tukiita kasoro hiyo kutojua riwaya, tutakuwa tumekosea. Hayo majadiliano marefu ni jukwaa lililonyimwa jengo, likahamia ndani ya kurasa. Usome mlango mmoja kwa sauti, watu wawili au watatu wakigawana sehemu, utasikia pumzi ya mchezo wa kuigiza. Miracle of Remera (2004), iliyoandikwa juu ya janga la UKIMWI, inaendeleza njia hiyohiyo.

Wala hakulisusa jukwaa. The Return of Mgofu ilitoka mwaka 2011, na Green Cross of Kafira ikachapishwa mwaka 2013, mtunzi akiwa ameshafariki, Novemba 2012. Mtu aliyeianza Kafira akiwa kijana aliirudia hadi mwisho. Tusiiite hiyo kubahatisha fani.

Hitimisho

Tumeona kwamba safari ya Imbuga kutoka jukwaani hadi televisheni hadi riwaya haikuwa ya kupanda ngazi, wala ya kutangatanga. Alikuwa na jambo moja la kusema, kwamba wenye nguvu hupenda kuigiziwa lakini hawapendi kuonyeshwa, na alitafuta kila mara mlango ambao bawabu wake amesinzia.

Sisi tunajifunza nini? Kwanza, tuache kuzichambua tamthiliya kana kwamba ni insha zenye majina ya watu pembeni. Dhamira, wahusika na mandhari tunavijua kwa moyo, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kusimama tukaisema sehemu ya Mulili mbele ya wenzetu? Pili, swali la ukumbi ni letu pia. Mkongo hatuna jumba la maigizo. Kikundi kikija kinacheza uwanjani, watoto mbele, wazee kwenye viti, na asiyependezwa anaondoka akisema wazi kwamba hakupendezwa. Zamani nilidhani huo ni upungufu. Baada ya kumsoma Imbuga naona kuna kitu uwanja ule unacho ambacho lile jumba la Nairobi lilikikosa mwaka 1976: hakuna anayeshika funguo.

Wahadhiri wetu mnaopanga vitabu vya kozi, Shrine of Tears ipewe nafasi kando ya Betrayal in the City, zisomwe pamoja. Moja ni mchezo, na nyingine inatueleza jinsi mchezo unavyofungiwa mlango.