Vina Vinapobeba Maana

Wanafunzi wengi wakipewa shairi huanza kuhesabu na kuishia hapohapo: mishororo minne, mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho. Wakipata alama mbili, wanadhani wamechambua. Nimetunga ubeti huu kwa ajili ya safu hii, msemaji wake akiwa kijana wa Shinyanga aliyekwenda kuchimba Geita:

Nimeshuka duarani, taa kichwani yawaka,
Mama yungali shambani, pamba nyeupe yacheka,
Dhahabu imo mwambani, haijataka kutoka,
Jembe langu li nyumbani, ni nani atalishika?

Ni tarbia, na kila mshororo una ukwapi na utao wa mizani nane nane. Mizani huhesabiwa kwa mdomo: "taa" ni mbili, ta-a. Sheria hizi Kaluta Amri Abedi alizipanga kitabuni mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye mshairi Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, akaziweka kando katika diwani yake, *Kichomi*.

Sasa vitazame vina. Duarani (yaani shimoni mwa machimbo), shambani, mwambani, nyumbani: kila kina cha kati ni mahali. Vina vya mwisho vyote vimekaa kwenye vitenzi. Ukisoma ukwapi peke yake unaiona familia ilivyotawanyika. Ukisoma utao unasikia kinachotendeka kila upande. Mama na mwanawe hawaonani, ila sauti ya -ni inawakutanisha katika kila mshororo. Hii ndiyo kazi ya kina, na ndiyo ninayotamani kuiona kwenye karatasi za majibu.

Kuna tashihisi pia. Badili "haijataka" uandike "haijapata": mizani ni ileile na kina ni kilekile, lakini dhahabu imenyang'anywa hiari, na kijana hana tena wa kumbembeleza.

Mshororo wa nne wengi watauita kibwagizo. Hatuwezi kusema hivyo kabla ya kuona kama unarudiwa katika ubeti unaofuata. Kwa sasa ni kituo, tena kituo cha swali. Msomaji wa Usukumani atalisikia swali hilo kwa uzito zaidi, maana kwake jembe pia ni chombo cha ngoma: katika bugobogobo majembe hurushwa na kushuka kwa mapigo, manju akianzisha wimbo na wenzake wakimpokea. Jembe lililobaki nyumbani limemwacha kijana bila wa kumpokea wimbo, na ndiyo sababu ubeti mzima unasemwa na sauti moja tu.