Ukifika Orlando, Ufungue Pochi Wapi?

Huko Florida, Marekani, kuna mji uitwao Harambe ambao haujawahi kuwa na mkazi hata mmoja. Kuta zake zilichakazwa makusudi zionekane zimeliwa na chumvi ya bahari kama za Lamu, mabango yake yana Kiswahili, na nje ya mji imesimama mibuyu iliyojengwa kwa zege. Ni sehemu ya Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa mwaka 1998, mojawapo ya bustani nne za burudani zilizomo ndani ya Walt Disney World karibu na Orlando. Lori la wazi linakupitisha kwenye twiga, simba na vifaru walio hai kabisa, na safari hiyo imo ndani ya tiketi ya mlangoni. Ukitaka zaidi, jirani kuna hoteli ya Animal Kingdom Lodge, ambako baadhi ya vyumba vina baraza linalotazama uwanda wa nyasi. Unafungua pazia asubuhi, pundamilia huyo hapo chini. Kwa raha hiyo utaongeza mamia ya dola kwa usiku.

Kwa jamaa zetu wa Arusha hicho ni kichekesho. Kwa familia inayolea watoto Minneapolis au Toronto, watoto ambao twiga wamemjua kwenye kitabu cha picha, ni swali la kweli. Tena baraza ni kishawishi kimoja tu. Kuna kulipia kupita foleni, kifungua kinywa na Mickey Mouse akizunguka mezani, mapanga ya mwanga ya kuchezea, gauni la Cinderella, picha za kila pembe. Tiketi peke yake ya siku moja kwenye bustani ya Magic Kingdom ilifika dola 199 kwa mtu katika sikukuu za mwisho wa mwaka 2025. Hakuna mshahara wa kawaida unaomudu yote, kwa hiyo lazima pawe na pa kumwaga pesa na pa kukaza mkono. Wanasaikolojia, wachumi na wanahisabati wamelifanyia kazi swali hili kwa miaka mingi, ingawa wengi wao hawakuwa na Mickey akilini.

Tuanze na foleni, maana huko ndiko siku inakoishia. Mwaka 1961 John Little, wakati huo wa chuo cha Case Institute of Technology, alithibitisha kanuni fupi: idadi ya watu waliomo folenini ni sawa na kasi ya kuingia kwao ikizidishwa na muda wanaokaa humo. Mchezo unaopakia watu 1,000 kwa saa, ukikuta watu 1,500 mbele yako, utakungojesha saa moja na nusu, upende usipende. Aliyewahi kusubiri pantoni pale Kigamboni anaijua kanuni hiyo bila kuisomea: kinachoamua ni chombo kinabeba wangapi na kinarudi baada ya muda gani, si kelele za abiria.

Sasa, Disney inapokuuzia ruhusa ya kupita pembeni, haiongezi kiti hata kimoja. Dakika unazookoa wewe zinahamia kwa waliobaki kwenye foleni ya kawaida. Huduma hiyo ilianza mwaka 1999 kwa jina la FastPass, na ilikuwa bure mpaka ilipogeuzwa ya kulipia mwaka 2021. Leo inaitwa Lightning Lane Multi Pass na bei yake hupanda na kushuka kulingana na siku. Tuseme umekuta dola 30 kwa mtu, nanyi mko wanne: dola 120. Tuseme pia imewaokolea saa tatu. Hapo kila saa imewagharimu dola 40 kwa familia nzima. Linganisha na siku yenyewe: tiketi nne za dola 160 ni dola 640, na ukikaa bustanini saa 12, kila saa umeinunua kwa zaidi ya dola 53. Yaani saa mliyoiokoa imekuja kwa bei nafuu kuliko saa mliyoilipia mlangoni. Hesabu hiyo inakubali. Lakini mwaka 2024 ikaja Premier Pass, isiyohitaji kupanga wala kungoja zamu kwenye simu, na bei yake ilifika dola 449 kwa mtu kwa siku moja. Familia ya wanne ni dola 1,796, nje ya tiketi za kuingilia. Kwa pesa hiyo mnanunua tiketi za siku nyingine nzima na chenji inabaki, na mimi siioni sababu ya kuilipa isipokuwa kwa mtu ambaye fedha si tatizo lake na siku ndiyo tatizo.

Kununua muda kuna ushahidi mzuri. Mwaka 2017 Ashley Whillans na wenzake walichapisha utafiti uliogusa watu zaidi ya 6,000 katika nchi kadhaa, na ndani yake kulikuwa na jaribio dogo la Vancouver, Kanada. Watu 60 walipewa dola 40 kwa wikiendi mbili. Moja wanunue kitu cha kushika mkononi, nyingine wanunue chochote cha kuwaokolea muda. Jioni walipoulizwa hali zao, waliotoka kununua muda ndio waliokuwa na furaha zaidi. Cha kushangaza, kundi jingine lilipoulizwa lingefanyia nini dola 40 za bahati, ni watu 2 katika kila 100 waliofikiria kununua muda. Tunakimbilia kitu kinachoonekana, na maduka yaliyopangwa mlangoni mwa kila mchezo yanalijua hilo.

Kabla ya kulipa lakini, chukua kwanza muda wa bure. Asubuhi bustani inapofunguliwa, hao watu 1,500 bado hawajafika. Anayelala katika hoteli yoyote ya Disney, hata ile ya bei ya chini kabisa, anaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, sawasawa na anayelala chumba cha baraza la pundamilia. Na wazazi wenye mtoto mdogo wana haki ya kupokezana: mmoja anapanda mchezo, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kuanza foleni upya. Haitozwi senti.

Suala la maumivu ya kulipa ni refu zaidi, na ndilo linalokula bajeti kimyakimya. Disneyland ya California ilipofunguliwa mwaka 1955, haikupita miezi mingi wageni wakaanza kuuziwa vitabu vya kuponi za herufi A, B na C; baadaye zikafika E, iliyokuwa ya michezo mikubwa. Kila ulipopanda ulichana kuponi. Mfumo huo ulidumu mpaka 1982, ukapisha tiketi moja ya yote. Drazen Prelec na George Loewenstein walieleza mwaka 1998 kwa nini watu hupenda bei ya jumla: kila malipo yana kauchungu kake, na uchungu huo ukija katikati ya starehe unaitia dosari. Walipowauliza watu wangependa kulipiaje likizo, wengi walichagua kulipa kidogo kidogo kabla ya kuondoka. Kwa mashine ya kufulia, wengi walitaka kulipa huku wanaitumia. Kwa likizo, deni likishaisha, mtu anakula raha kama ya bure.

Kuna upande wa pili wa jambo hilo. Huyohuyo Prelec, safari hii na Duncan Simester, aliweka mnadani tiketi za mpira wa kikapu kwa wanafunzi wa MIT. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyozidi mara mbili ya waliotakiwa kulipa taslimu. Kadi huondoa uchungu, na uchungu ndio breki. Disney imekwenda mbele zaidi: MagicBand, bangili ya plastiki iliyoanza kutumika mwaka 2013, inafungua mlango wa chumba na pia inalipa. Mtoto anagusisha mkono kwenye kifaa, kinalia, aiskrimu imeshauzwa. Hakuna noti iliyobadilisha mkono na hakuna aliyehesabu. Kwa hiyo vikubwa vyote (tiketi, malazi, milo miwili mitatu ya maana) vilipe miezi kabla ya safari, uchungu uishie nyumbani. Vidogo vya dukani vifanye viume kidogo: kila mtoto apewe kadi ya zawadi yenye kiasi chake, ikiisha imeisha. Utashangaa jinsi mtoto wa miaka minane anavyobadilika kuwa mhasibu akijua panga la mwanga linatoka kwenye mfuko wake.

Kulipa mapema kuna faida nyingine. Jeroen Nawijn na wenzake waliwafuatilia Waholanzi zaidi ya 1,500 na kuona, katika matokeo ya mwaka 2010, kwamba waliokuwa na safari mbele yao walikuwa na furaha kuliko wasiosafiri, lakini wakisharudi tofauti hiyo ilifutika kwa karibu wote, isipokuwa waliosema likizo yao ilikuwa ya kupumzika hasa. Sehemu nzuri ya starehe, basi, inaliwa nyumbani kabla ya safari. Meza kwenye migahawa ya Disney huweza kushikwa siku 60 kabla. Hizo ni siku 60 za mtoto kuhesabu, zilizokuja na kifungua kinywa kilekile.

Na kumbukumbu je? Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2002, aliwahi kuwafanya watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walikaa sekunde hizohizo, kisha wakaongezewa 30 ambazo maji yalipashwa moto kidogo tu. Walipoambiwa wachague zoezi la kurudia, karibu saba kati ya kumi walichagua lile refu. Mateso yalikuwa mengi zaidi, ila yaliisha vizuri. Kutokana na majaribio ya aina hiyo ikajengwa hoja kwamba akili haijumlishi dakika; inashika kilele na mwisho. Washauri wa likizo wameipenda hoja hii kupita kiasi. Simon Kemp na wenzake wa New Zealand walipoijaribu kwenye likizo za kweli mwaka 2008, haikutabiri vizuri sana jinsi watu walivyozikumbuka. Kilichotabiri vizuri zaidi kilikuwa furaha ya ile siku moja isiyosahaulika, saa 24 zilizokuwa tofauti na nyingine zote.

Mimi nimeshika hilo la siku moja. Familia nyingi husambaza pesa sawa kwa siku zote tano: kila siku pasi ya foleni, kila siku mlo wa bei, kila usiku chumba kizuri. Matokeo yake ni siku tano zinazofanana, na akili haina pa kushika. Afadhali siku nne za kawaida, mikate mliyopaka wenyewe chumbani (Disney inaruhusu kuingia na chakula) na maji ya barafu yanayotolewa bure kwenye vibanda vya chakula, halafu siku moja ya kutanua bila kuangalia bei.

Hapo ndipo narudi kwenye baraza la pundamilia. Kulala pale usiku tano huku mnatoka alfajiri na kurudi usiku watoto wamebebwa mabegani ni kutupa pesa. Mnalipia mandhari ya giza. Isitoshe, binadamu huzoea. Kwa kawaida twiga wa siku ya nne hamwamshi mtu kitandani. Lakini usiku mmoja, wa mwisho, na siku ya pili yake msiende bustani yoyote, mshinde hapohapo barazani na kwenye bwawa la kuogelea: hizo ni saa 24 za aina yake, na ndiyo mapumziko ambayo Waholanzi wa Nawijn waliyahitaji. Wasiomudu hata usiku mmoja washike meza Sanaa, mgahawa ulio chini ya Kidani Village kwenye hoteli hiyohiyo. Madirisha yake yanatazama uwanda, na huhitaji kuwa mgeni wa hoteli ili kula. Chakula chake kina viungo vya Kihindi, kwa hiyo mtu wa pwani hatajihisi mgeni. Nenda kabla jua halijazama, maana ikishaingia giza mnalipia vioo.

Limebaki la umri, ambalo lingefaa kuamuliwa kabla ya yote. Mtoto wa chini ya miaka 3 anaingia bure, na wengi huona hiyo ni nafasi ya kuikimbilia. Lakini watu wazima wengi hawakumbuki lolote la kabla ya umri huo. Gauni na picha za dola nyingi atakazovishwa na kupigwa zitakuwa kumbukumbu ya mama yake. Kisha kuna rula. Flight of Passage, safari ya kuruka juu ya dege wa filamu ya Avatar, haimpokei mwenye chini ya sentimeta 112. TRON, mbio za pikipiki kwenye reli ndani ya Magic Kingdom, inataka 122. Usinunue pasi ya kupita foleni ya mchezo ambao mtoto atarudishwa mlangoni akilia. Mpime nyumbani, kwa viatu atakavyosafiri navyo. Watoto wengi hufikia urefu huo wa 122 kwenye miaka 7 hivi, na kuanzia miaka 10 Disney huwatoza tiketi ya mtu mzima. Mwenye kitinda mimba wa miaka miwili au mitatu na safari isiyo na haraka, mimi ningemshauri aanze kuweka akiba sasa na akate tiketi mtoto akitimiza miaka 7.