Kituo cha Tunguu na safari za Wamarekani angani

Chombo kinachoizunguka dunia huonwa na kituo kimoja cha redio kwa dakika chache tu, kisha huzama upeoni. Ndiyo maana Marekani, ilipoandaa mradi wa Mercury wa kumpeleka binadamu angani, ilihitaji vituo sehemu nyingi za dunia. Afrika vilikuwamo cha Kano, Nigeria, na cha Tunguu, Unguja.

Ruhusa ya Tunguu ilipatikana mwaka 1960 kwa mapatano ya Marekani na Uingereza, iliyoitawala Zanzibar kwa jina la ulinzi. Chama cha siasa cha Hizbu, ambacho katibu wake mkuu alikuwa Abdulrahman Babu, kiliandamana kukipinga kituo hicho. Wapinzani walisema ni cha kijeshi, na kwamba vita vya nyuklia vikizuka, kisiwa kitalengwa. Wamarekani walijibu kuwa NASA, shirika lao la safari za angani, ni la kiraia.

Kwa upande wa mitambo, Wamarekani walisema kweli. Tunguu hapakuwa na kombora. Palikuwa na antena za kupokea taarifa za chombo na za mwili wa mwanaanga, pamoja na redio ya kuzungumza naye. Hata hivyo hofu ya waandamanaji haikuwa ya kipuuzi. Roketi ya Atlas, iliyomrusha mwanaanga John Glenn tarehe 20 Februari 1962 akaizunguka dunia mara 3 kwa muda usiotimia saa 5, awali iliundwa kubeba bomu la nyuklia. Marekani kwenyewe watu walibishana zaidi juu ya gharama, hasa baada ya Rais Kennedy kutangaza mwaka 1961 lengo la kufika mwezini.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliumaliza ubishi wa Unguja. Aprili mwaka huo Rais Abeid Karume aliagiza kituo kiondolewe. Tarehe 26 mwezi huohuo Zanzibar iliungana na Tanganyika ya Julius Nyerere. Wamarekani walihamishia shughuli hizo Madagaska, ambako kituo nacho kilifungwa mwaka 1975. Kuanzia mwaka 1983 walianza kurusha setilaiti za kupokezana mawasiliano, na haja ya kuomba ardhi za wengine ikapungua sana.